Bolti Zilizooshwa

Mama aliziosha. Aliziosha zote, kwa maji ya moto na sabuni ya unga, akazisugua moja moja kwa mswaki mkuukuu, akazisuuza na kuzianika juani kwenye sinia. Na ile katoni iliyokuwa imezishika, kwa kuwa ilikuwa imelowa oili na inanuka, aliichanachana akawashia jiko. Siku hiyo mkaa ulishika upesi mno. Mama akafurahi, akajisemea kwamba angalau leo amefanya kazi moja ya maana katika nyumba hii badala ya kukaa tu na kuletewa chai.

Mwanawe aliingia uani na gasketi mpya kwapani. Mtaani walimwita Katalogi, kwa sababu kwa miaka mingi alikuwa amesimama nyuma ya kaunta ya duka la spea, na hapakuwa na kidude cha gari ambacho hakukijua jina, namba na rafu yake. Aliiona ile sinia. Akaangalia ubavuni mwa gari, mahali ilipokuwa katoni. Akaliangalia jiko. Kisha akaiweka gasketi chini taratibu, akashika kichwa.

Katoni ile haikuwa takataka. Alikuwa ameitoboa matundu kwa mpangilio uleule wa injini, kila bolti akaichomeka mahali pake, ndefu kwa ndefu na fupi kwa fupi, ili siku ya kufunga kila moja irudi ilikotoka. Sasa mpangilio wote ulikuwa majivu chini ya birika la chai.

Mtu mwingine angecheka. Mwingine angekaa chini akalia. Huyu alimsubiri mkewe. Kwa mama hakusema kitu; mama ni mama, tena macho yake yote mawili yalikuwa na ukungu mweupe, na alikuwa amekuja mjini kungoja zamu yake ya kupasuliwa mtoto wa jicho. Basi hasira ilikata kona, ikamwendea mke aliyekuwa anarudi bombani na ndoo. Alimuuliza alikuwa wapi. Alimuuliza kama kumwangalia mzee mmoja katika ua mmoja ni kazi ya kusomea. Alimuuliza ana faida gani ya kuwa na macho mazima.

Mke hakuitua hata ndoo. Alijua akijibu kwa sauti mama atasikia, na akisikia atajua kosa ni la nani.

"Sema ni mimi," alimnong'oneza mumewe. "Nimekosa mimi. Yaishe."

"Ni wewe hasa," Katalogi alisema, na hakunong'ona.

Mama, pale alipokaa karibu na jiko, aliacha kuchochea mkaa. Ukungu wake ulikuwa wa machoni, si wa masikioni.

Ni lazima isemwe gari lile lilikuwa nini. Lilikuwa kuukuu, la bluu iliyopauka, mlango mmoja unafunguliwa kwa nje tu. Lakini ndilo lililokuwa limebaki. Mwenye duka la spea alipomrithisha mpwa wake biashara, mpwa alileta vijana wake, na Katalogi akatolewa nje na majina yake yote ya spea kichwani. Tangu hapo nyumba ilikula kwa cherehani ya mke. Halafu, bila kutarajia, zahanati iliyo mtaa wa pili ikatafuta dereva mwenye gari lake, wa kuwachukua wauguzi wa zamu asubuhi na kuwarudisha jioni. Matroni, mkuu wa wauguzi pale, hakumficha kitu. Jumatatu asubuhi gari liwe getini, linanguruma, yeye alikague kwa macho yake. Lisipofika, kuna mwenzake anaingoja nafasi hiyohiyo.

Na gari lilikuwa linachemsha. Maji yalichanganyika na oili mpaka kifuniko cha oili kikatoa uji wa rangi ya maziwa. Gasketi ya silinda hedi, ile inayotenganisha maji na oili, imeungua, hilo halikuhitaji kupiga ramli. Mke alisema wamwite fundi wa pale kona, yule waliyembandika jina la Kesho kwa sababu kila gari lililoingia kwake lilikuwa linatoka kesho. Katalogi akakataa katakata.

Alikuwa na sababu, ila sababu yenyewe haikuwa ya kusemeka. Alipokuwa na kaunta yake, alikuwa na kaunta yake kweli. Fundi akija kuomba "kile kidude cha kule mbele", Katalogi alimtazama juu mpaka chini mbele ya wateja, akamwambia arudi akajifunze jina lake kwanza. Fundi Kesho alirudishwa hivyo si mara moja. Kumwita leo uani kwake ingekuwa kujivua nguo mwenyewe, mchana, na mama akiwepo.

"Nimeuza injini nzima nzima, kipande kwa kipande," alimwambia mkewe. "Nitashindwaje kufunga moja?"

Kuuza ni kuuza na kufunga ni kufunga, lakini katika nyumba ile hapakuwa na mtu wa kumwambia hivyo na akabaki na amani.

* * *

Jumamosi asubuhi mama aliomba apewe ile sinia. Aliiweka mapajani, akaanza kuzipapasa bolti, midomo ikichezacheza. Ndefu alizitupa kulia, fupi kushoto. Katikati akaweka mbili peke yake.

"Hizi zina maringo," alisema. "Hazifanani na wenzao. Shingo zao nene."

Katalogi alikuwa amenuna tangu jana, lakini alisogea. Alizichukua zile mbili, akazipima kwa nyingine, akaona ni kweli. Akatafuta waya, akaushusha kwenye kila tundu la injini, akapima kina chake, na tundu kwa tundu zile bolti zikapata kwao. Hakuna hata moja iliyobaki bila mwenyeji. Tena zilikuwa safi, ziliingia kwa vidole bila kukwaruza. Alicheka, na mkewe pale kibarazani kwenye cherehani akainua kichwa, kwa maana ilikuwa muda mrefu hajasikia kicheko hicho.

"Mama, wewe ungekuwa na duka la spea ningekufa njaa," alisema.

"Wewe ulipokuwa mdogo nilikuwa nakutafutia vifungo vya shati gizani," mama alimjibu. "Vidole vyangu bado vinaona, baba."

Ilikuwa asubuhi nzuri, na naisema kwa sababu haikurudi tena. Mke aliombwa vitambaa vya kufutia. Vipande vya cherehani vilikuwa vya wateja, havigusiki, kwa hiyo alikwenda ndani akatoka na gauni lake la zamani, jeupe lenye maua ya njano. Ndilo alilovaa siku alipopelekwa kwa mama mkwe mara ya kwanza. Mama alilishika, akalipapasa pindo, akauliza kama ni lile la maua. Mke akasema ndilo. Mama akasema jamani, nilikuona nikajisemea huyu binti amevaa bustani. Wakacheka wote wawili, na mke akalichana huku bado anacheka.

Katalogi alifuta uso wa injini mpaka ukawa hauna hata doa. Pembeni mwa injini ile kulikuwa na mfereji mwembamba unaoshuka mpaka chini kabisa, ambamo hupita mnyororo wa kuzungusha valvu. Alichukua kipande cha gauni, akakikunja, akakisokomeza humo ndani, akakisukuma kwa bisibisi. Mkewe alikuwa amesimama na bakuli la maji ya kunawa, akauliza ni cha nini.

Alimweleza kwa ile sauti yake ya kauntani. Bolti ikidondoka humo imekwenda tumboni mwa injini, na kuitoa ni kubomoa upya. Mtu mwenye akili huziba kwanza.

"Usije ukakisahau," mke alisema.

"Unanifundisha kazi?"

Mke akamwagia maji mikononi, akarudi kwenye cherehani. Mama alikuwa palepale, na sinia yake tupu mapajani.

* * *

Kazi iliendelea siku hiyo na kesho yake. Sitaki kumwonea Katalogi. Alifanya mengi kwa uangalifu. Gasketi aliigeuza upande unaotakiwa. Bolti alizikaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, kwa spana ya kupimia nguvu aliyoiazima. Alama za mnyororo alizilinganisha, akazihakikisha, akarudia kuzihakikisha. Lakini alipouvuta mnyororo juu, kile kitambaa, badala ya kupanda, kilizama. Hakikuonekana tena, na kisichoonekana kikasahaulika. Jasho lilikuwa linamwingia machoni, na kichwani alikuwa na Jumatatu peke yake.

Jumapili mchana habari zilikuwa zimezagaa kwamba Katalogi anawasha. Mama mwenye nyumba alileta kiti chake kabisa. Wapangaji wakatoka. Fundi Kesho naye akaja akaegemea nguzo ya geti, kijiti mdomoni, akasema yeye anapita tu.

Sasa sikiliza jambo moja. Pale kauntani, kila fundi aliyenunua gasketi alipewa na mahubiri bure. Kabla ya stata, zungusha injini kwa mkono. Mizunguko miwili, polepole. Ikikwama popote, usilazimishe, fungua. Mahubiri hayo mke aliyasikia mezani mpaka angeweza kuyasema usingizini. Kwa hiyo mumewe alipoingia garini na kushika ufunguo, alisogea dirishani akamuuliza taratibu kama ile ya mkono ameshafanya.

Katalogi alimwona Kesho pale nguzoni anacheza na kijiti chake. Akaziona nyuso za wapangaji.

"Toka dirishani," alisema.

Akazungusha ufunguo. Injini ilikohoa, ikakohoa tena, halafu ikawaka. Iliwaka kweli! Ilinguruma sawasawa, bila moshi, na ua mzima ukapiga makofi. Mama alisimama kutoka kwenye kigoda chake, mikono juu, akielekea kwenye sauti. Katalogi alitoa kichwa dirishani, akamtazama Kesho, na kwa muda ule mfupi alikuwa mtu mwenye kazi.

Kisha ndani ya gari kitu kikasema kra, kama mti mkavu unaovunjwa, na ngurumo ikakatika.

Alijaribu tena. Stata ilizunguka kwa wepesi wa ajabu, haina uzito wowote inaousukuma, na mtu yeyote aliyewahi kusimama karibu na gereji anajua wepesi huo maana yake nini: tumboni mwa injini kuna kilichovunjika. Katalogi aliijua. Aliendelea kuzungusha ufunguo mpaka betri ikachoka.

Aliposhuka uso wake ulikuwa umesawajika. Hakulifungua boneti. Alisema, kwa sauti ambayo hata mama mwenye nyumba aliisikia vizuri, kwamba ni bolti. Bolti zimetolewa mahali pake, zimeoshwa kwa sabuni, zimechanganywa, ningefanya nini? Katoni niliyopanga mwenyewe ikapikiwa chai. Mtu unafanya kazi kwako unavurugiwa na watu wa kwako.

"Bolti hailii hivyo," Kesho alisema pale nguzoni.

Katalogi alimuuliza nani amemwalika. Kesho akatema kijiti, akaondoka. Mke alitupa kanga begani, akamfuata njiani mbele za watu wote. Alimwita kaka. Alimwomba asahau ya kauntani, aje tu aangalie, kesho ni siku ya zahanati. Alisema mengine ambayo hakuwahi kuyarudia kwa mtu. Na Kesho, kwa mara ya kwanza tangu mtaa umjue, akaja leo.

* * *

Alifungua kwa madaha, hilo lazima niseme. Kila kidude alichokitoa alimwonyesha Katalogi na kumuuliza kwa heshima zote kinaitwaje. Katalogi alijibu. Alitaja jina la kila kitu, mwanzo hadi mwisho, kichwa chini, na wapangaji wakachekea viganjani. Jua lilikuwa bado kali wakati Kesho alipotoa kifuniko cha mbele, akainama. Akaomba koleo. Akavuta.

Kilichotoka kilikuwa cheusi, kimelowa, kimetafunwa na meno ya chuma. Lakini upande mmoja ulikuwa umekunjwa kwa ndani, na alipoukunjua ukaonekana.

"Maua ya njano," Kesho alisema. "Jamani, kumbe injini hii inavaa gauni."

Watu wakaangua kicheko. Aliwaacha wamalize, halafu akaeleza bila mzaha. Kitambaa kimevutwa na mnyororo, mnyororo umeruka meno, pistoni zimepanda zikakuta valvu ziko wazi, zikazigonga. Valvu zimepinda zote. Injini hii si ya leo wala kesho, injini hii imekufa. Bolti hazina kosa. Bolti zimefungwa vizuri kuliko alivyotegemea.

"Nani aliyekiweka humu?" akauliza.

Mke alimtazama mumewe. Alimpa nafasi. Namtetea mwanamke yule: alimpa nafasi ya kutosha mtu kusema maneno mawili, na maneno yenyewe alimwombea kimoyomoyo yamtoke. Katalogi alikuwa anaangalia kile kitambaa. Taratibu macho yake yakahama, yakaja kwenye maua, yakatoka kwenye maua yakamwendea mkewe, na mdomo ukaanza kufunguka.

"Ni mimi," mama alisema.

Alikuwa ameshika ukuta, anakuja kwa kupapasa. Alisema aliona vumbi linaingia, mwanawe amekwenda kunawa, akachukua kitambaa akaziba. Alidhani anasaidia. Asilaumiwe mtu mwingine, mkwewe hakuwepo na mwanawe hakujua.

Kesho aliyatazama yale macho meupe.

"Mama, tundu lenyewe jembamba hivi, ulilionaje?"

"Mimi naona kwa vidole, mwanangu. Bolti zile nani alizichambua? Muulize huyu."

Wote wakamgeukia Katalogi. Mke alitaka kusema, pumzi alishaivuta, lakini mama alikuwa amemfikia, na ule mkono mkavu ukamshika kifundo cha mkono ukambana.

"Mama anapenda kusaidia," Katalogi alisema. Akainama, akaanza kukusanya spana.

Mama mwenye nyumba alisema pole, wazee ndivyo walivyo. Wapangaji wakasema pole. Kesho hakusema. Alikiweka kitambaa juu ya boneti, akanawa mikono, akaenda zake, na malipo hakuyataja.

* * *

Jumatatu Katalogi alikwenda zahanati kwa miguu. Matroni alimsikiliza mpaka mwisho: mama yangu mzee, haoni, aliziba injini kwa kitambaa, ningefanyaje, ndiye aliyenizaa. Matroni alisikitika kutoka moyoni. Akasema angekuwa yeye hajui angefanya nini. Getini kulikuwa na gari jingine, na dereva wake alikuwa anafuta vioo.

Wiki ileile mama akasema anataka kurudi kwake. Mke alimsihi. Zamu ya macho ilikuwa imekaribia, hospitali ilishampangia, akiondoka sasa ataanza kungoja upya na ukungu haungoji. Mama akasema zamu itarudi. Katalogi alikuwa anakula, hakuinua uso.

"Mwache akapumzike," alisema. "Hapa atachoka bure."

Mke ndiye aliyemsindikiza kwenye basi, amemshika mkono, fuko la nguo kichwani. Walikaa kwenye benchi. Mke alijizuia mpaka basi likaonekana kwa mbali, halafu yakamtoka.

"Mama, mimi nilimwona akikiweka."

"Na mimi nilikusikia ukimwambia asikisahau."

"Sasa kwa nini?"

Mama alimtafuta uso kwa mkono, akaupata, akaushika shavuni.

"Kwa sababu gauni lilikuwa lako," alisema. "Nilisikia kimya chake, nikajua kinakwenda kwa nani. Mwanangu namjua. Mimi naondoka, mwanangu. Wewe unabaki naye humo ndani."

Basi likafika. Kondakta akampandisha mama kwa kumshika kiwiko, na mama akakaa upande wa pili wa dirisha, akipungia mkono mahali ambapo mkwewe hakuwepo.

Gari bado liko uani. Kuku wa mama mwenye nyumba wanataga kwenye kiti cha nyuma. Katalogi amepata kibarua cha kusimamia mizigo ghalani, na huko anapendwa kwa hadithi yake ya bibi aliyevalisha injini gauni. Anaisimulia vizuri, kila mara anaongeza chumvi kidogo; siku hizi bibi anaimba huku anaziba, na mwenyewe amemkuta kwa macho yake, amechelewa kidogo tu. Nadhani sasa anaiamini.

Jumapili anampigia mama simu, spika ikiwa wazi ili na mkewe asalimie. Macho ya mama yamefunga kabisa. Anaulizwa hali anasema mzima. Kisha kila mara anauliza kama gari limepata nafuu.

"Bado, mama," Katalogi anasema. Sauti yake inakuwa laini, ya mtoto mwema. "Lakini usiliweke moyoni. Mimi nilishakusamehe."

"Ahsante, baba," mama anajibu.

Mke huwa hasalimii. Anainamia cherehani, anaikanyaga kwa nguvu, na mumewe anamwambia apunguze kelele, anaongea na mama yake.